Taka za nyumbani Mombasa: kazi ya kila msimu, tangu kaskazi hadi vuli

Kijana anayetuchukulia taka kwa mkokoteni hapa mtaani kwetu, upande wa Kisauni, ana kipimo chake. Hulinyanyua gunia kwa mkono mmoja. Likimshinda, huliacha pale pale. Februari hunyanyua magunia yangu mawili huku anaongea na simu. Mwezi wa Mei gunia hilo hilo, la nyumba hiyo hiyo, halinyanyuki. "Mama, hapa umenipakilia maji," aliniambia mara moja, akalitoboa kwa chini nijionee mwenyewe. Maji meusi yakatiririka hadi kizingitini kwa jirani, na jirani mwenyewe yuko barazani anatazama.

Tangu siku hiyo nazipanga taka zangu kwa kalenda ya pepo na mvua. Nyumba haibadilishi sana inachotupa. Kinachobadilika ni jua, upepo na maji: kaskazi huleta inzi na harufu, masika huziba mitaro na kuzalisha mbu, kusi hupeperusha kila chepesi. Na kazi zenye faida karibu zote hufanywa wiki kadhaa kabla ya msimu wenyewe. Ukingoja mvua ianze ndiyo ushike jembe, umeshachelewa. Unachohitaji ni ndoo mbili, magunia, jembe, na majirani wawili watatu wasioogopa matope.

Kwanza kabisa: tenga majimaji na makavu

Hii ni ya mwaka mzima, na bila hii mengine yote ni kujichosha. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inatutaka tutenge taka zinazooza na zisizooza. Mimi nyumbani sisemi "zinazooza". Watoto wataanza kubishana kama karatasi inaoza au haiozi. Nasema ya maji na makavu. Kila mtu anajua ganda la embe lina maji na chupa ya soda haina.

Ndoo ya maji. Tafuta ndoo ya rangi ya lita 20 yenye kifuniko kinachobana. Fundi rangi yeyote anazo, na kwa kawaida hata hazidai bei. Chini tandika makumbi ya nazi, mkono mmoja mzito, au maranda ya mbao kutoka kwa seremala. Makumbi hunyonya yale maji meusi ambayo kijana wa mkokoteni alinionyesha. Humo hutiwa maganda, mabaki ya wali, mifupa ya samaki, majani ya chai. Kila ukimimina, nyunyiza juu konzi moja ya majivu ya jiko la makaa. Harufu hupungua siku hiyo hiyo.

Machicha ya nazi usiyatie humo. Yana mafuta, huchacha haraka, na wenye kuku watakushukuru ukiwapa yangali mabichi. Vifuu navyo ni kuni. Mwenye kuchoma mishikaki atavichukua.

Gunia la makavu. Chupa za plastiki, makopo, karatasi, maboksi. Chupa isuuze kidogo, itoe hewa kwa kuikanyaga, kisha irudishe kizibo: hapo haitavimba tena, na gunia moja litaingia chupa za magunia matatu. Wanunuzi wa plastiki hununua kwa kilo na huzikataa zilizo na mafuta ndani, kwa hiyo chupa ya mafuta ya kupikia iweke mbali na za maji. Sijawahi kutajirika kwa chupa. Lakini kila chupa inayokwenda kwa mnunuzi ni chupa isiyokwenda mtaroni.

Kuna kundi la tatu ambalo watu hawapendi kulitaja: pampasi, sodo, nyembe, vigae vya chupa. Pampasi ikunje, ifunge kwa vibandiko vyake yenyewe, iweke kwenye mfuko wake peke yake na umjulishe mchukuaji ni kitu gani. Isiende chooni, isiende mtaroni. Nyembe na vigae tia ndani ya kopo la maziwa, lifunge kwa utepe. Mchukuaji wako huingiza mkono kwenye hayo magunia, na mara nyingi hana glavu.

Kuhusu mifuko: majuala, ile mifuko ya plastiki ya kubebea, yalipigwa marufuku tangu tarehe 28 Agosti 2017, na Aprili 2024 NEMA, mamlaka ya mazingira, ikatoa agizo dhidi ya mifuko ya plastiki ya kutilia taka zinazooza. Ndiyo sababu nyingine ya kupenda ndoo. Ndoo humwagwa, huoshwa, hurudi.

Desemba hadi Machi: kaskazi, maembe na inzi

Hii ndiyo miezi ya jua la utosi, na ndiyo miezi ya maembe. Ngowe, boribo, dodo, yote hushuka pamoja, na nyumba yenye watoto wanne inaweza kujaza ndoo ya maganda na kokwa kwa siku mbili. Yai la inzi huanguliwa ndani ya siku moja, na kwenye joto letu inzi kamili hutoka baada ya wiki moja hadi siku kumi. Hesabu ni rahisi: ndoo ya maji ikimwagwa kila baada ya siku mbili au tatu, funza hapati wakati wa kuwa inzi. Ikikaa wiki, umefuga.

Kama mchukuaji wako huja mara moja tu kwa wiki, kubaliana naye aje mara mbili miezi hii minne. Mlipe kwa mwezi, si kwa gunia, maana ukimlipa kwa gunia utajaribiwa kulishindilia moja mpaka lipasuke njiani. Mwenye kiua chake na udongo kidogo afanye mboji: tabaka la maganda, tabaka la majani makavu mara mbili yake, udongo juu, na kukoroga kila wiki. Kaskazi mboji hukauka upesi, kwa hiyo inyunyizie maji ya kuoshea mchele.

Kokwa za embe zianike juani siku mbili kabla ya kuzitupa. Hupungua uzito, na haziteremshi maji kwenye mkokoteni.

Ramadhani hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, na miaka hii imeangukia Februari na Machi, katikati ya joto. Kazi ya jikoni hugeuka. Mchana hakuna taka. Kuanzia magharibi hadi daku ndipo ndoo hujaa, na asubuhi kila mtu kalala. Basi ndoo hulala wazi. Nilichofanya ni kumpa kijana mmoja wa nyumbani kazi hiyo moja tu baada ya tarawehe: afunike, aweke jiwe juu, aingize ndani ya ua. Jiwe si mapambo. Kunguru wa Bara Hindi, hawa wenye shingo ya kijivu waliojaa mji mzima, huamka kabla ya muadhini, na kifuniko chepesi kwao ni kama mlango uliorudishwa tu. Gunia lililoachwa nje usiku, wao na paka watalitandaza barabara nzima kabla ya jua kuchomoza. Kwa hiyo gunia lisitoke nje mpaka usikie mkokoteni.

Halafu kuna kuchoma. Kaskazi taka ni kavu, na mtu huona njia ya mkato ni kiberiti. Moshi wa plastiki ni sumu, na nyumba zetu zimepakana madirisha kwa madirisha. Unachochoma wewe anakivuta mtoto wa jirani mwenye pumu. Majani makavu yana kazi kwenye mboji. Plastiki ina mnunuzi. Sioni kinachobaki cha kuchoma.

Machi: mtaro, kabla ya mvua ya mwaka

Hapa ndipo penye kazi. Masika, au mvua ya mwaka kama wazee wetu wanavyoiita, huanza Machi mwishoni au Aprili, na Mei ndio mwezi wa mvua kubwa zaidi Mombasa. Mtaro usafishwe katikati ya Machi. Si mapema zaidi, maana utajaa tena, wala si baada ya mvua ya kwanza.

Siku uichague kwa bahari. Mitaro mingi yetu humwaga kwenye hori, yaani mkono wa bahari ulioingia bara, iwe Tudor, Mikindani au Mtongwe. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana mwendo wa saa kumi, alasiri na alfajiri, na huupanda mdomo wa mtaro. Ukiwa ndani ya mtaro saa hiyo, unachota matope na bahari inakurudishia. Chagua siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu na bahari haijai sana, asubuhi. Na hapo hapo utaelewa kwa nini mvua ile ile siku moja hupita salama na siku nyingine huingia ukumbini: ikikutana na bamvua alasiri, maji hayana pa kwenda. Mtaro ukiwa na taka pia, basi ndio mwisho wa habari.

1. Siku moja kabla, tembea mtaro wote mikono mitupu, kuanzia mlangoni kwako mpaka unapoishia. Piga picha kila kalvati, pale mtaro unapopita chini ya njia, na kila bamba la kufunikia mtaro lililozama. Mara nyingi utakuta mahali mtaro "umepotea", pana kibanda juu yake. Usianze ugomvi na mwenye kibanda. Mwone mzee wa mtaa kwanza, umwonyeshe picha, yeye aseme.

2. Anzeni chini, kwenye mdomo, mpande juu. Watu wengi huanzia mlangoni kwao kwa sababu ndipo wanapopaona. Ukianzia juu, unasukuma taka zote chini zikakae kwenye kalvati moja.

3. Vaeni gambuti. Reki itangulie, mkono ufuate. Mna vigae, mna sindano, na mkojo wa panya huleta maradhi, hivyo mwenye kidonda mguuni akae juu ashike gunia. Mtarimbo mmoja kwa mabamba. Asiyanyanyue mtu mmoja.

4. Matope rundo lake, plastiki gunia lake. Mwaka jana tulitoa chupa za soda, kandambili za mguu mmoja mmoja, makaka ya madafu, pampasi zilizovimba zikawa kama mto wa kulalia mtoto, na majani ya mkungu yaliyoshikana kama kurasa za kitabu kilicholowa. Ule mkungu ulioko kona unatupa kivuli kizuri wala sitaki ukatwe, lakini humwaga majani yake makubwa wakati wa ukame, na jani moja likilala juu ya matundu ya bamba ni sawa na kifuniko cha sufuria. Kufagia chini ya mkungu kila wiki, Februari na Machi, ni sehemu ya kusafisha mtaro.

5. Ondoeni mliyotoa siku hiyo hiyo. Hili nimelilipia. Novemba 2023, mvua za El Niño, tulitoa matope kutwa, mikono ikatoka malengelenge, tukayapanga ukingoni kwa mstari mzuri tukingoja gari tuliloahidiwa. Gari halikuja. Usiku ilinyesha, na alfajiri mtaro ulikuwa umejaa kuliko tulivyoukuta, kwa sababu sasa matope yalikuwa yamelainika. Tangu hapo hatushiki jembe kabla ya mkokoteni kusimama pale, umelipwa nusu. Matope yakishachujwa taka, hujaza mashimo ya njia. Plastiki na pampasi ziende na mchukuaji.

6. Jaribuni. Mimina ndoo tatu za maji huku juu na uelekeze kifuu kimoja kielee, kisha tembea nacho. Watoto huipenda sana hatua hii. Kifuu kikinasa mahali, hapo bado pana kazi.

7. Kama mna pesa kidogo, mpeni fundi wa kuchomelea awatengenezee wavu wa nondo wa kuweka kabla ya kalvati, nafasi ya vidole vitatu kati ya nondo na nondo. Hunasa chupa mahali mnapoweza kufikia kwa reki. Ila lazima awepo mtu mwenye zamu ya kuusafisha kila baada ya mvua, jina lake limeandikwa. Wavu bila mwenye zamu ni kizibo mlichokigharamia wenyewe.

Milizamu ya paa nayo ikaguliwe siku hizo hizo.

Aprili hadi Juni: masika yenyewe

Lengo sasa ni moja: maji yasiingie kwenye taka, na taka zisiingie kwenye maji.

Gunia la makavu lining'inize kwenye msumari chini ya upenu, liinuke hatua moja kutoka chini. Ndoo ya maji ikae juu ya matofali mawili. Makumbi ongeza mara mbili ya ya kaskazi. Mchukuaji huchelewa miezi hii, njia ni tope tupu na jaa la Mwakirunge si karibu, tangu lile la Kibarani lifungwe. Kwa hiyo weka gunia moja la akiba, na usimgombeze kijana kwa kuchelewa siku moja. Mimi humwachia chai.

Usitupe kitu mtaroni kwa hoja ya kwamba mvua itakichukua. Itakichukua kweli. Nenda siku moja ukaitazame mikoko ya Tudor baada ya mvua kubwa, uone chupa zilivyojipanga kwenye mizizi.

Sasa mbu. Mbu wa dengi na chikungunya ni yule mwenye madoadoa meupe miguuni, huuma mchana, na hapendi maji ya mtaro mchafu. Anapenda maji masafi kidogo ndani ya chombo kidogo. Yaani taka zetu hasa: kifuu, kaka la dafu, kopo, kizibo kipana, tairi la uwani. Dengi ilitusumbua hapa mwaka 2013, kisha mwishoni mwa 2017 kuingia 2018 ikaja chikungunya, na wako watu mtaani kwetu walioshindwa kushuka ngazi kwa wiki nyingi kwa maumivu ya viungo. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama wiki moja hadi siku kumi, kwa hiyo mzunguko mmoja kwa wiki unatosha. Sisi tumeuweka Ijumaa asubuhi, kabla ya watu kujiandaa kwa swala. Ni dakika ishirini:

– pindua kila kifuu na kila kopo, au uvitie guniani;
– tairi litoboe, au ulijaze mchanga upandie mchicha;
– pipa la maji lifunike kwa kitambaa kilichofungwa kwa kamba;
– sahani za chini ya maua zisugue kwa brashi, usimwage tu. Mayai hushikana na ukuta wa chombo na huweza kukaa makavu miezi kadhaa yakingoja maji.

Mwuza madafu wa kona ni mtu wa kuzungumza naye kwa upole. Makaka yake ayakate mara mbili kabla ya kuyarundika. Yaliyopasuliwa hayashiki maji. Wa kwetu alikubali nilipomwambia nitamtafutia gunia.

Idi Kuu miaka hii imekuwa ikiangukia Mei na Juni, mvua ikiwa kali. Damu na matumbo visioshewe mtaroni. Aliye na shamba au kiwanja achimbe shimo la kufika kiunoni, hatua 40 au zaidi kutoka kisima chochote, atie chokaa kabla ya kufukia. Ardhi yetu ni mawe ya matumbawe, maji hupenya kama kwenye chujio, na visima bado vinatumika. Asiye na kiwanja, na kisiwani ni wengi, apange na mchukuaji siku tatu kabla ya Idi aje alasiri ile ile. Baada ya Idi kila mtu anamtaka.

Na maji yakiingia ndani hata hivyo, taka zilizoloweshwa na maji ya mafuriko hazitengwi tena. Zote ziende pamoja, vaa glavu, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kushika chakula. Kipindupindu hakina adabu.

Julai hadi Septemba: kusi

Msimu mwepesi. Manyunyu ya mchoo yapo, lakini tatizo ni upepo. Magunia yafungwe mdomo kwa kamba, maboksi yawekewe jiwe, vifuniko vya ndoo visiachwe wazi. Mkokoteni ufunikwe kwa wavu wa zamani wa samaki. Wavuvi huutupa, na hufaa kuliko turubai kwa sababu upepo hupita. Ni wakati mzuri pia wa kukusanya mboji ya kaskazi na kuitia kwenye mchicha.

Oktoba na Novemba: vuli, na ile kona

Mtaro urudieni mwishoni mwa Septemba, hatua zile zile, safari hii nusu siku yatosha kama Machi ilifanywa vizuri.

Kila mtaa una kona moja ambayo watu hutupa usiku. Bango la "Usitupe taka hapa" halijawahi kumzuia mtu. Kwetu walitupa chini ya bango. Kilichosaidia ni kuisafisha kona Jumamosi, Jumapili kumwaga kifusi na kupanda mwarobaini na miche ya yasmini, na Jumatatu mwenye kuuza mahamri na mbaazi akahamishia meza yake pale. Wiki mbili za kwanza tulikuwa tukiamka tunakuta magunia mawili matatu. Tuliyaondoa kila asubuhi kabla ya saa moja, bila kuuliza ya nani, kwa sababu gunia moja likibaki hadi adhuhuri huita wenzake. Mwenye mahamri bado yupo. Anafunga saa nne usiku, na ukipita pale na mfuko mkononi saa hizo anakusalimia kwa jina, kwa sauti.